Gambuti za Paulinus

Wasikilizaji wapendwa, mlio Malaba, Amukura na hadi kule Funyula, acheni kidogo mnachofanya. Leo tunamkumbuka Paulinus Wesonga, mpiga gitaa wa bendi ya Foleni. Bendi ya roki. Bendi iliyoishi miezi tisa tu.

Walikuwa watatu. Paulinus wa gitaa, Odeke wa ngoma, na Amuge, dada aliyeimba. Jina walilitoa kwa foleni ya malori pale Malaba, maana madereva waliokwama siku mbili, tatu, ndio waliowasikiliza kwanza. Gitaa lilikwaruza kama bati linaloburutwa kwenye lami. Wengine walisema ni muziki wa shetani. Madereva walisema ongeza sauti.

Amuge hakuogopa shetani. Aliogopa maikrofoni.

Jenereta ilikuwa ya kukodi, nyaya zimeungwaungwa. Siku ya kwanza maikrofoni ilimpiga shoti mdomoni, meno yakauma hadi jioni. Tangu hapo, kabla ya kuimba, aliigusa kwanza kwa mgongo wa mkono. Odeke ndiye alimfundisha. Kiganja kikipigwa na stima kinafumba, hakiachi. Na wote watatu walivaa gambuti, zile buti ndefu za mpira, hata jua likiwaka, maana mpira haupitishi stima.

"Nyinyi ni bendi ama mnaenda kulima mpunga?" dereva mmoja aliwauliza.

"Boss, tukimaliza hapa tunakuja kwako kupalilia," Paulinus akamjibu.

Watu wakacheka. Amuge pia alicheka, huku anaangalia waya.

Sasa sikilizeni vizuri. Ilikuwa Jumapili, Amukura, saa tisa mchana. Mvua imetoka tu kunyesha. Amuge alitoka kanisani moja kwa moja, na viatu vya kanisa. Gambuti zake zilibaki nyumbani. Alipoona uwanja una maji, aliishia ukingoni.

"Leo siimbi," alisema.

Paulinus akavua zake. "Vaa hizi, dada. Wewe ndiye unashika maiki. Mimi nashika gitaa tu."

"Na kiitikio? Si huwa tunaimba wote kwenye maiki hii?"

"Utaimba peke yako. Mimi leo ni bubu."

Narudia, wasikilizaji: gambuti alivaa Amuge. Paulinus alibaki na slipa.

Wimbo wa kwanza ulipita. Wa pili ukapita. Wa tatu ni ule watu waliupenda, na uwanja mzima ukaanza kuimba. Kiitikio kilipofika, Amuge aliona kwa pembe ya jicho Paulinus anakuja. Anakuja na gitaa, amefumba macho, anatabasamu, kama alivyozoea. Alitaka kumsukuma. Mkono ulichelewa. Mdomo wa Paulinus uligusa maikrofoni.

Yeye hakulia. Gitaa ndilo lililolia, mpaka Odeke alipozima jenereta. Paulinus alikuwa na miaka ishirini na minne.

Siku ya mazishi, Funyula, Amuge alisimama nje ya boma na gambuti ndani ya gunia. Alijua atakachoulizwa. Mama Roselida, mama ya Paulinus, alilifungua lile gunia.

"Hizi ni zangu za shamba," alisema. "Aliniambia anaazima tu." Akazirudisha ndani ya gunia. "Alikupa mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kaa nazo. Mimi nikiziona kila siku nitauliza kwa nini."

Foleni haikupiga tena. Leo mwaka umetimia, na Amuge hajashika maikrofoni tangu siku ile. Lakini ameketi hapa mbele yangu, studioni, kwenye sakafu kavu, na amevaa gambuti. Tumemwonyesha kila waya. Bado anaangalia.

Mama Roselida, na jamaa wote wa Funyula, poleni sana. Odeke, popote unapotusikia, pole. Na wewe msikilizaji, mwenzako akikuvisha kiatu chake, hebu angalia miguu yake imebaki na nini.

Amuge amenyoosha mkono. Mgongo wa mkono. Ameigusa.

Haijampiga.

Sogea, dada. Kiitikio ni chako.