Kiti cha Nyuma cha Bronek

Kijiwe cha Genowefa, pale Western Avenue mjini South Bend, hakina benchi la mbao kama vijiwe vya watu wenye akili zao. Kina kiti cha nyuma cha gari la Studebaker la mwaka hamsini na tatu, kimefungwa kwa boliti nne juu ya ubao, nje ya duka lake la mikate, chini ya kivuli cha turubai lenye milia. Hapo hukaa wazee wanne walioliunda gari hilo kwa mikono yao mpaka kiwanda kilipofungwa, Krismasi ya sitini na tatu, na tangu siku hiyo, yapata miaka ishirini na miwili sasa, wana kazi moja tu: kumtafuta aliyeliua. Alhamisi hiyo ya Mei walikuwa watatu. Bronek, fundi wa kushona viti, ambaye ndiye aliyekishona hicho walichokikalia, alikuwa ndani ya sanduku lake akingoja kuzikwa Jumamosi. Nafasi yake ya kushoto ilikuwa wazi, na wenzake watatu walikuwa wamebanana upande wa kulia, bega juu ya bega, hakuna aliyethubutu kusogea.

Aliyebanwa zaidi ni yule wa katikati, Zygmunt, ambaye wenzake humwita Bawaba kwa sababu alifunga milango ya magari miaka kumi na sita. Alikuwa hajalala kwa usiku wa pili sasa. Mwaka juzi, hapohapo kijiweni, Bronek alikohoa akasema, "Nikifa msinipeleke kaburini bila Studebaker." Na Bawaba, mdomo ukiwa umejaa andazi, akajibu, "Langu lipo gerejini chini ya turubai. Nitakupeleka mwenyewe." Wote walimsikia. Ubaya ni kwamba chini ya lile turubai hapakuwa na gari.

— Jumamosi uliwashe mapema, alisema Cleophus, anayeitwa Moshi kwa kuwa alifanya kazi kwenye tanuri la chuma. Betri ya enzi zile haiamki kwa kuambiwa amka.

— Litawaka, alisema Bawaba, akahamishia kikombe mkono wa pili. Ila mimi bado najiuliza. Hivi kweli lile gari lilikufaje?

Alikijua chambo chake. Wenzake walikimeza palepale.

— Pua! alisema Moshi. Nimesema na nitasema tena. Lile la mwaka wa hamsini, mbele pua, nyuma pua. Shangazi yangu alikuwa anasimama kibarazani analipungia mkono, karibu, karibu, kumbe ndiyo linaondoka! Watu walikwenda dukani kulinunua, wakadhani linawakimbia, wakarudi zao nyumbani.

— Acha kamba zako, Moshi, alisema Bawaba.

— Kamba? Shangazi alichoka bega mpaka akapelekwa hospitali! Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa gari letu si lilikuwa linajitembeza lenyewe? Hapo ulitaka liponee wapi?

— Methali hiyo haihusu magari, mzee.

— Gari ni kitu gani kama si kitu kinachojitembeza?

Hapo Genowefa alitoka na birika, akawajazia vikombe, akaangalia ile nafasi iliyo wazi, akarudi ndani. Hilo liliwanyamazisha kidogo. Bawaba aliogopa kimya hicho kuliko kitu kingine chochote, maana kimya kingezaa maswali ya Jumamosi.

— Mlango, alisema haraka. Mlango ndio ulioliua. Mimi najua, maana niliufunga mimi. Ulikuwa ukiuvuta unasema "tup". Sio "gwaaa" kama magari ya majirani zenu. Tup! Mteja anaingia dukani, anaufunga, tup. Anaufungua, anaufunga tena, tup. Mchana unapita. Duka linafungwa, hajanunua kitu, anakwenda kwa mkewe roho kwatu.

— Yaani watu walishiba mlango, alisema Moshi.

— Walishiba, bwana! Kazi nzuri mno nayo inafilisi.

— Sikilizeni, alisema wa tatu, Gáspár. Huyu ni Mhungari, naye anaitwa Pilipili, kwa sababu hutia pilipili nyekundu kwenye kila kitu, hata kwenye andazi lenye jemu. Nyinyi mnaongea mambo ya juzi, alisema. Mambo ya pua, mambo ya milango. Mbona hamuwataji farasi?

— Farasi gani tena? aliuliza Moshi.

— Wale ndugu wa Studebaker, wenye kiwanda, walianza na nini? Kibanda cha uhunzi. Wakaunda magari ya kukokotwa, makubwa, imara, watu wakayapakia watoto na magodoro wakahamia magharibi. Dunia nzima hakuna aliyewafikia. Nani alikuwa anayavuta? Farasi. Miaka hamsini farasi anavuta, anavuta, halafu asubuhi moja anaambiwa, ahsante, tumepata injini. Hata karoti ya kuagana hakupewa.

— Kwa hiyo farasi ndio waliofunga kiwanda?

— Walilaani. Mnyama ameumizwa moyo, ungefanyaje? Walikutana wote kwenye zizi moja, wakapiga kura.

— Wakapiga kura kwa kutumia nini?

— Kwato! Laana ikapita. Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana nayo ilichukua miaka sitini kufika.

— Farasi anayechukua miaka sitini kufika ni punda, alisema Moshi.

Walicheka, na springi za kiti zikalia zote. Bawaba naye alicheka, kwa sauti ya juu kuliko wenzake, huku macho yakiwa kwenye saa ya dukani. Saa nne kasoro. Akajisemea moyoni kwamba akiweza kuwashikilia hapa mpaka saa sita, kesho ni Ijumaa, na Ijumaa mtu anaweza kuugua. Alijua ni mawazo ya kijinga. Aliyashikilia hivyohivyo.

— Lakini, aliendelea Pilipili akipangusa machozi ya kicheko, mkitaka ukweli wa ukweli, aliyeliua ni Bronek.

— Wee! Marehemu hajazikwa!

— Ni Bronek nakwambia. Viti vyake! Mteja anaketi ili ajaribu. Kiti laini. Muuzaji anakwenda kuleta karatasi na kalamu. Anarudi, mteja anakoroma. Utamwuziaje gari mtu aliyelala? Nchi nzima, kila duka, wateja wamelala kwenye viti vya Bronek...

Pilipili alijikohoza, akalaumu pilipili. Moshi akaweka mkono kwenye ile nafasi ya kushoto, akaipapasa ngozi iliyochakaa, akautoa upesi kama aliyekamatwa anaiba.

Ndipo walipomwona Leokadia, mjane wa Bronek, akivuka barabara. Alikuwa amevaa kitambaa cheusi kichwani, ameshika mkoba mkubwa mkononi, na alikuwa anakuja moja kwa moja kwao. Kwa miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kukanyaga kijiweni. Alikuwa akisema hapo ndipo akili za mumewe zilipokuwa zinavujia. Wote watatu walijaribu kusimama kwa pamoja, na kwa jinsi walivyobanana, hakuna aliyeweza.

— Kaeni, kaeni. Sijaja kukaa.

— Pole sana shemeji, walisema.

— Nimeshapoa. Nimekuja na swali moja tu, nina mambo mengi. Nani kati yenu ana Studebaker inayowaka?

Gari moja lilipita barabarani, kisha jingine. Pilipili alitazama ndani ya kikombe chake. Moshi ndiye aliyejikakamua.

— Bawaba analo, shemeji. Si aliahidi?

— Sikuuliza nani aliahidi. Nimeuliza nani analo.

Mnyonge hana pa kuegemea. Bawaba alitazama kulia, akakutana na bega la Pilipili; alitazama kushoto, akakutana na bega la Moshi.

— Sina gari, alisema.

— Anataka kusema haliwaki, Moshi akamsaidia. Tutalisukuma!

— Sina gari, Moshi. Chini ya turubai kuna mashine ya kukatia majani na mapambo ya Krismasi ya marehemu mke wangu Halina. Niliuza. Februari ya sitini na nne. Barua ya kiwanda ya kuniachisha kazi ilikuwa bado mezani, nilikuwa na hasira, wala hata bei sikupatana. Nikanunua Chevrolet, nikapita nayo mbele ya lango lililofungwa nikipiga honi. Nilitaka wanisikie. Hapakuwa na mtu. Theluji tu. Nikarudi nyumbani nikatandika turubai ili majirani wasijue.

Halafu Pilipili akasema kwa sauti ndogo:

— Mimi nilinunua la Wajerumani, lile la mgongo wa kobe. Machi, mwaka huohuo.

— Wewe na farasi wako!

— Nawe je, Moshi?

— Mimi Ford, alisema Moshi.

— Lini?

— Zamani.

— Zamani lini?

— Sitini na mbili.

Pilipili alijinyofoa kwenye kiti, akasimama wima.

— Sitini na mbili kiwanda kilikuwa wazi! Tulikuwa tunaingia zamu pamoja! Ulikuwa unaliegesha wapi?

— Uani kwa mchungaji wangu. Halafu natembea. Lilikuwa rahisi, bwana, nina watoto watano!

— Muuaji! Shemeji, ndiye huyu! Miaka ishirini na miwili tunamtafuta, kumbe tunabanana naye kwenye kiti!

— Niliuaje gari zima peke yangu?

— Nyamazeni, alisema Leokadia. Bronek alijua.

— Habari za Ford? Moshi alishtuka.

— Habari za Ford sizijui, hizo utajibu kwa Mungu. Alijua habari za turubai. Aliingia gerejini kwako, Zygmunt, mwaka sitini na nane, alipokuja kuazima ngazi. Akafunua, akaona, akafunika.

Bawaba alihesabu kwa vidole.

— Miaka kumi na minane? Na mwaka juzi, aliponiambia nisimpeleke bila...

— Alirudi nyumbani anacheka mpaka akakosa pumzi. Akaniambia, "Leo nimemkamata Zygmunt, sasa tuone atatokaje."

— Kwa nini hakuniumbua siku ileile?

— Alisema ukiumbuka hutarudi kijiweni. Na wewe ndiye unayelipia kahawa.

Bawaba alilia. Hakujificha wala hakusingizia pilipili. Alilia kwa aibu, kwa uchungu wa gari lake aliloliuza kwa hasira, na zaidi kwa ajili ya yule mshenzi mwembamba aliyekaa naye bega kwa bega miaka yote hiyo akijua, akiuliza kila majira ya kuchipua, "Umelikagua mafuta, Bawaba?" na kupokea jibu kwa uso mkavu. Leokadia alimwacha alie kiasi. Kisha akafungua mkoba wake mkubwa, akatoa spana.

— Inukeni.

— Shemeji?

— Inukeni nyote. Boliti ni ngapi?

— Nne, alisema Bawaba, akifuta pua kwa mkono wa shati.

Alipiga magoti yeye mwenyewe kwenye kijia, mjane wa miaka sitini na tisa, akaingiza mkono chini ya kiti, akapapasa, akawaita waone. Kwenye mshono wa chini palikuwa na fundo dogo la uzi wa buluu. Washona viti wote wa kiwandani walikuwa kila mmoja na rangi yake ya uzi, waliificha mahali ambapo msimamizi hawezi kuinama, na ya Bronek ilikuwa buluu. Watatu hao walikuwa wamekikalia kiti hicho tangu mwaka wa sitini na sita na hawakuwahi kuinama.

— Alitaka aende na Studebaker, alisema Leokadia. Hii hapa. Itakwenda nyuma ya sanduku lake, juu ya pikapu ya mpwa wangu.

— Pikapu gani? Pilipili aliuliza kwa tahadhari.

— Toyota.

Moshi alijishika kichwa.

— Bronek atafufuka!

— Akifufuka, pa kukaa atapakuta.

Walifungua boliti. Mbili zilitoka kwa spana, ya tatu kwa matusi ya Kihungari, ya nne ilitoka baada ya Genowefa kuleta mafuta ya kupikia. Kiti kilipoinuliwa, palibaki ubao mtupu na makombo ya maandazi ya miaka ishirini, na shomoro walishuka hapohapo. Wazee walisimama na vikombe vyao mkononi, hawajui miguu waifanye nini.

— Na wewe, Leokadia alimgeukia Bawaba, uliahidi kumpeleka mwenyewe. Hukusema utamwagiza mtu.

— Nimpelekeje sasa?

— Utakaa humo. Juu ya pikapu, suti yako ya harusi, kuanzia kanisani mpaka makaburini, Western Avenue yote ikuone.

Pilipili alifungua mdomo kucheka, kisha akaufunga. Bawaba aliitazama barabara yote, madirisha ya majirani aliowatandikia turubai, kinyozi, duka la dawa, wajukuu wa watu waliofanya kazi naye. Alikitazama kiti.

— Nitakaa, alisema. Nikae upande gani, shemeji?

— Upande wako wa siku zote, Zygmunt. Ule mwingine una mwenyewe.