Bi Pyo Sun-rye, Tambi Zilizovimba na Neno Moja

Baada ya takriban miaka ishirini na miwili ya utumishi, Bi Pyo Sun-rye, Msimamizi wa Ofisi wa Chama cha Udongo na Chuma, anastaafu leo Jumamosi, tarehe 24 Juni 2023. Anaagwa katika ukumbi huuhuu wa harusi hapa Daejeon ambamo chama kilizaliwa. Ratiba ya mkutano mkuu wa leo imeuweka wasifu huu kabla ya hoja ya tatu. Ofisi ilipendekeza usomwe baada ya kura, watu wakiwa wametulia. Bi Pyo alikataa.

Mwaka 2001 hakuwa mwanachama wa kitu chochote isipokuwa kwaya ya kanisa lake. Alikuwa msimamizi wa ukumbi, na sauti yake ilitoka jikoni ikafika maegesho ya magari bila kipaza sauti. Asubuhi moja ya Oktoba alikodisha ukumbi kwa watu asiowajua, waliotaka kuanzisha chama cha siasa: wakulima wa Haenam upande wa kushoto, mafundi chuma wa Changwon upande wa kulia. Aliwapa masharti mawili tu. Watakula tambi za harusi kama wageni wengine wote, na wataondoka kabla ya saa nane, kwa sababu saa nane kulikuwa na harusi ya kweli.

Karibu yote walikuwa wamekwisha kubaliana. Bei ya mpunga isipangwe bila wanaoulima. Kiwanda kisifungwe bila waliomo ndani kuulizwa. Walikwama kwenye sentensi ya kwanza ya itikadi, kwenye neno moja. Watu wa Changwon walitaka iandikwe kwamba chama ni cha wafanyakazi. Watu wa Haenam walitaka wachapakazi, neno lililomo kwenye sheria na kwenye kalenda ya serikali, ambalo halijamfanya mtu aitwe mkomunisti na kutiwa matatani.

"Mchapakazi ni ng'ombe anayepigwapigwa mgongoni, aambiwe hongera, arudishwe kwenye jembe," alisema Ndugu Ok Chi-yeol, wakati huo kijana wa karakana ya meli. "Sisi ni wafanyakazi."

"Mimi mfanyakazi wa nani?" alijibu Mzee Guk Pan-sul wa Haenam. "Bosi wangu ni mvua. Na wewe kijana hujui. Kaka yangu alilitamka neno hilo sokoni enzi za wanajeshi, wakaja kumchukua yeye na redio. Redio ilirudi."

Waliokuwapo wanasema baada ya hapo viti vilianza kusukumwa nyuma. Baadhi walianza kukusanya makoti. Ndipo Bi Pyo alipotoka jikoni na mwiko mkononi.

"Jamani, nina bibi harusi anakuja, na tambi zenu zinavimba. Huyu si anafanya kazi? Na yule je, amelala? Basi andikeni 'watu wanaofanya kazi', mle, mniachie ukumbi."

Mzee Guk alicheka kwanza. Ndugu Ok alicheka baadaye kidogo, na bila kupenda. Sentensi ikaandikwa: Chama hiki ni cha watu wanaofanya kazi. Kisha wakala tambi zilizonenepa kama minyoo ya mvua, na hakuna aliyethubutu kubakiza.

Wiki iliyofuata chama kilimwajiri. Mwenyekiti wa kwanza alieleza kwamba kilihitaji mtu mmoja ambaye pande zote mbili zinamwogopa kwa kiwango sawa.

Uchaguzi wetu wa kwanza unakumbukwa kwa mambo mawili. Mgombea wetu wa Naju hakuwa amezoea kuwainamia wapiga kura njia panda, kama wagombea wote wafanyavyo. Bi Pyo alimfundisha siku nzima, akafuzu kupita kiasi: aliinama asubuhi yote bila kuinuka, mpaka madereva wakaanza kushusha vioo na kumwambia wamemsamehe. La pili ni usiku wa matokeo. Mtangazaji alitaja vyama vikubwa, akamalizia na "vinginevyo". Bi Pyo alipiga simu kituoni. "Umesema vinginevyo. Mimi ndiye Vinginevyo. Tuna jina, litaje." Halikutajwa. Tangu siku hiyo ofisini aliitwa Bi Vinginevyo, naye aliitika.

Miaka ya mwanzo, kila mkutano mkuu ulikuwa na tambi, na alizitia majini mjadala ukianza. Mikutano haikuchelewa kwisha. Baadaye uongozi uliona jambo hilo halina heshima ya chama cha siasa. Tukaanza kuagiza vyakula vya boksi, vinavyoweza kusubiri, na wajumbe nao wakajifunza kusubiri.

Wajumbe wanaijua hoja ya tatu. Inapendekeza kufuta "watu wanaofanya kazi" na kuweka "wafanyakazi". Ndugu Ok amesema amevumilia sentensi ya jikoni miaka ishirini na miwili na inatosha. Mzee Guk, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, amesema neno hilo likiingia kwa mlango wa mbele, yeye na matawi ya mikoa yao miwili ya Jeolla watatoka kwa mlango wa nyuma. Sheria inadai matawi katika mikoa mitano. Tunayo mitano. Wakitoka, usajili wetu utafutwa, na Jumatatu tutabandua jina mlangoni. Karani anayeandika haya ndiye atakayeisoma hoja hiyo mbele ya wote wawili, na ameambiwa pia kwamba kuanzia leo kazi ya Bi Pyo ni yake.

Alipoulizwa namna ya kuifanya kazi hiyo, Bi Pyo hakutoa mafunzo yoyote. Alifuta oda ya vyakula vya boksi, akapeleka masufuria makubwa jikoni. Aliulizwa tambi zitiwe majini kabla ya kura au baada.

"Kabla, mwanangu," alisema. "Ukingoja watu wakubaliane ndipo upike, hutapika maisha yako yote."

Bi Pyo, tunakushukuru kwa sauti yako, kwa subira uliyotunyima, na kwa sentensi ambayo tumeishi ndani yake. Nenda Okcheon, ukalime pilipili zako, uimbe kwaya, usipokee simu zetu zote. Maisha yako yawe mema, na usiku wako uwe wa usingizi.

Ndugu wajumbe, sasa tunaingia kwenye hoja ya tatu. Saa nane kuna harusi. Tambi zimekwisha tiwa majini.