Vigingi Vyekundu vya Zohali

Mgeni rasmi kutoka afisi ya elimu, mwalimu mkuu, walimu, wazazi, na nyote mliofika,

Sisi wanafunzi wa Gredi ya Sita, Shule ya Msingi ya Mtoni B, tunashukuru umefika salama, ingawa gari lako limebaki kule kwenye tope. Ninayesoma ni Kadra. Nilichaguliwa kwa sababu mwenzetu Iha akisimama mbele ya watu hucheka.

HISTORIA YA MRADI

Muhula uliopita Mwalimu Kabibi alitufundisha juu ya jua na sayari. Kitabuni, jua na dunia vimechorwa vimekaribiana kama sufuria na mfuniko. Iha akauliza, "Mwalimu, mbona hatuungui?"

Mwalimu akafunga kitabu. "Twendeni tukapime."

Tukakubaliana kwamba mita yetu moja iwe kilomita milioni moja za angani. Jua likawa duara la mbao, upana mita moja na sentimita arobaini, tukalisimamisha langoni. Dunia ikawa gololi, mita mia moja na hamsini kutoka hapo, karibu na choo cha walimu. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, ikawa tikiti maji dogo, na hesabu ikatupeleka mita mia saba sabini na nane, kwenye malisho ya Mzee Dhadho. Zohali ikaangukia shamba la mahindi la Mzee Mwaro, karibu kilomita moja na nusu. Kila mahali tulipigilia kigingi chekundu na kibao chenye jina na umbali. Ruhusa hatukuomba. Tulidhani anga ni ya wote.

Asubuhi Mzee Mwaro akakuta kibao shambani: ZOHALI 1,430,000,000. Mgeni rasmi, hapa kwetu kigingi chekundu kina maana moja tu: ardhi imepata mwenyewe mwingine. Ile tarakimu akaiona ni nambari ya ploti. Alipoona urefu wake, akaamini nchi nzima imekwisha kugawanywa. Akatoka mbio, akakutana na Mzee Dhadho naye anakuja mbio.

"Huyu Zohali ni mtu wa wapi?" akauliza Mzee Mwaro.

"Mimi sijui huyo. Kwangu iko mwingine, anaitwa Mshtarii. Hata jina ni ya mtu mkubwa."

Wazee hawa walikuwa hawajasalimiana miezi minane. Siku hiyo walikuja shuleni bega kwa bega, na watu kama arobaini nyuma yao.

"Mshtarii akuje hapa!" akapaza sauti Mzee Dhadho.

Sisi tuliingia chini ya madawati. Mwalimu Kabibi akatoka peke yake, amebeba tikiti kwa mikono miwili.

"Mshtarii ni huyu, wazee wangu," akasema.

Kisha mama mmoja akaanza kucheka, na wengine wakamfuata. Ila wazee hawakucheka.

MAFANIKIO

Mwalimu aliwaomba wazee watembee nasi kutoka jua mpaka Zohali. Walikubali ili wahakikishe. Njiani tulipita kwenye malka, ile njia ya ng'ombe kushukia mtoni, ambayo ndiyo iliyowakosanisha. Walikuwa wamepatana upana wake uwe hatua arobaini, kisha kila mmoja akamwita mwenzake mwongo.

Iha akawaomba wahesabu hatua zao, nasi tukapima. Mzee Dhadho ni mrefu: hatua zake arobaini ni mita thelathini na nane. Mzee Mwaro, kwa heshima zote, si mrefu: zake ni mita ishirini na sita.

"Kumbe hukunidanganya," akasema Mzee Mwaro.

"Miguu ndiyo ilidanganya," akajibu mwenzake.

Malka sasa ni mita thelathini na mbili, na mwaka huu mahindi hayajakanyagwa.

CHANGAMOTO

Mshtarii wa kwanza aliliwa na ng'ombe. Wa pili tulimla sisi, baada ya somo. Kamba yetu ya kupimia ni ya katani. Ikilowa inafupika, na sayari zote zinasogea karibu na jua. Neptuni haijawekwa, maana iko kilomita nne na nusu, ng'ambo ya mto, na mwenye mtumbwi anataka kwanza kujua kama Neptuni inauma.

MAOMBI

Tunaomba utepe wa kupimia wa mita hamsini. Tunaomba vitabu.

Mwalimu mkuu alikagua risala hadi hapa. Yanayofuata tuliyaandika jana.

Baada ya kelele zile, kuna aliyepeleka malalamiko, na barua imekuja: Mwalimu Kabibi ahamishwe Ijumaa hii. Yeye hajatuambia. Tulimwona akigawa kuku wake. Tulipowaendea wazee watusaidie, Mzee Mwaro akasema, "Malalamiko niliyapeleka mimi. Nilikuwa bado sijajua Zohali ni nani." Jana walikaa pamoja, wakaandika barua nyingine ya kumwombea abaki. Mzee Dhadho ameongeza kwa mkono wake: "Akienda, tukigombana tena, nani atapima?"

Mungu akupe afya, akupe na njia kavu ya kurudi nyumbani.

Barua ya wazee ninayo hapa. Naomba uipokee sasa hivi, mgeni rasmi, kwa sababu mwalimu mkuu ameshaanza kusimama.

Ni sisi,
Wapimaji wa Anga, Gredi ya Sita,
Shule ya Msingi ya Mtoni B.