Kipande Kilichobaki Maabara

Dada yetu tunayemzika leo, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Wembe, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yetu, fundi baiskeli, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu, na mimi ninayesoma ndiye kitinda mimba.

Alianza shule ya msingi mwaka 1978, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha maabara alichohitimu mwaka 1994, na tangu hapo alifanya kazi katika chumba cha mwisho cha hospitali, ambako vipande vya nyama vilivyotolewa miilini mwa wagonjwa aliviweka kwenye nta, akavikata kwa wembe wa mashine, vyembamba kuliko ganda la kitunguu, akavilaza kwenye vioo ili daktari avitazame kwa hadubini.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza friji ya maabara, friji ikapona, fundi hakupona, wakajaliwa binti na mwana, hawa hapa mbele.

Aprili mwaka jana alianza kushiba kabla sahani haijafika nusu, akajitibu kwa dawa za kiungulia, na hilo lilikuwa kosa lake, hadi Septemba vipimo vilipoonyesha saratani ya tumbo iliyokwisha kufika kwenye ini. Hapa baba mkubwa ameniomba niseme tu kwamba aliugua kwa muda mfupi, maana huko jikoni watu wananong'ona kuhusu pombe na mkono wa mtu. Shikamoo baba mkubwa, lakini sisomi hivyo.

Seli zilitoka tumboni, zikafuata mshipa unaopeleka damu ya tumbo kwenye ini, nyingi zikafa njiani, chache zikafika, zikakaa kama wapangaji wakorofi, zikazigeuza seli za jirani kuwa walinzi na wapishi wao. Mwenzake kazini alipokataa kukikata kipande kilichotolewa kwenye ini la dada kwa uchunguzi, dada alisema, "Nani atakikata vizuri kuliko mimi?" akakikata mwenyewe, akaziona kwenye kioo seli za tumbo zimejipanga ndani ya ini.

Akaagiza kipande hicho kibaki maabara, kitumike kufundishia wanafunzi, kichunguzwe kwa nini seli hizo hulipenda ini. Wazee wa ukoo wanataka kirudishwe ili azikwe na mwili kamili, shemeji amekataa, watoto wamekataa, nami nakataa mbele ya jeneza lake, na mwenye hasira anisubiri nje.

Alifariki tarehe 2 Juni mwaka huu, mchana, nyumbani, ameegemea bega la mumewe, na mimi nina majonzi makubwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliotuambia ukweli, majirani waliotufulia mashuka, na wenzake wa maabara waliokataa kukitoa kipande kile hata walipopigiwa kelele.

Pumzika kwa amani, dada, wanafunzi wanaanza kukikata Jumatatu.