Siku Niliyompelekea Daktari Jicho Safi

Ndugu zangu, asifiwe Bwana aliyenifikisha hapa mbele bila kushikwa mkono. Mimi ni Mama Loserian wa hapa hapa Olmotonyi. Sitalia, nimeshalia vya kutosha.

Nilikuwa na trakoma. Ugonjwa huu hukunja ngozi ya juu ya jicho kwa ndani, kope zikageuka na kukwaruza mboni. Kila ukipepesa unahisi mchanga. Jicho langu la kushoto likaota utando mweupe, likazima. Niliomba, nikafunga, halikurudi. Nasema ilivyokuwa. La kulia nalo likaanza kuingia ukungu, nikawa nakamua ng'ombe kwa kupapasa. Niliogopa sana.

Dawa yetu akina mama mnaijua: kibano. Wifi yangu Naishorua alikuwa ananikalisha juani ananing'oa kope moja moja, nami namng'olea zake. Unapata nafuu kidogo, kisha zinaota fupi na ngumu, zinachoma kuliko mwanzo.

Ikatangazwa hapa kanisani kwamba madaktari wa macho wanakuja zahanati. Asubuhi ile wifi akaning'oa zote, akaniosha uso. Kwa daktari mtu haendi mchafu! Basi daktari akanitazama, hakuona kope inayogusa jicho. Akanipa dawa ya kupaka, akamwita mgonjwa mwingine. Ndugu zangu, nilishainuka. Nilikuwa naenda nyumbani kupofuka.

Bwana alimshika yule daktari, mimi sina maelezo mengine. Akaniita nirudi.

"Samahani, mama," akasema. "Kuna mtu anakung'oa kope?"

Nikamjibu yupo, wifi yangu, tena fundi kweli kweli. Akachukua kioo cha kukuza, akaviona visiki vya kope. Akanieleza kwamba waliotafiti ugonjwa huu wamegundua wanawake wengi hung'oa kabla ya kupimwa, wakarudishwa nyumbani wakiwa wagonjwa. Ndiyo maana siku hizi madaktari wanafundishwa kuuliza, naye alikuwa amesahau. Akasema hata upasuaji wenyewe wa kuzirudisha kope nje wameuboresha. Nikapasuliwa siku ile ile, ngozi ikageuzwa nje. Ukungu haukuongezeka tena, na ng'ombe namwona chuchu zote.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru pia wanaoumiza vichwa juu ya macho ya watu wasiowajua.

Ndugu zangu, madaktari wanarudi Jumatano. Anayeumwa amwamini Bwana aje, na aje na kope zake zote. Wifi yangu yule pale, anajifuta macho kwa kanga tangu wimbo wa kwanza. Leo asubuhi aliniletea kibano nimng'olee, nikakataa, na mpaka sasa hasemi nami. Anaumia kweli. Mwombeeni avumilie mpaka Jumatano, maana na yeye amebaki na jicho moja.