Hasi Arobaini na Saba

Ndugu waombolezaji, aliyesimama mbele yenu ni Bang Ok-bun, bibi mzaa baba wa marehemu, muuza samaki wa kukausha, kibanda namba arobaini na saba, soko la Guryongpo, na nimewasikia mkinong'ona kwamba mila hairuhusu mzee kumsindikiza kijana, basi mila hiyo ingemkataza yeye kwanza asinitangulie. Historia hii nimeiandika mwenyewe kwa penseli, shule niliishia darasa la tatu vita vilipotufikia, kwa hiyo kosa mtakalolisikia ni langu.

Marehemu Seok Beom-gyu alizaliwa Guryongpo tarehe 14 Machi 1984, mtoto wa pekee wa mwanangu Chil-bok, aliyefariki mwaka 1988, na mama yake alipoolewa kwingine nikabaki naye mimi. Alianza shule ya msingi mwaka 1991, akaingia chuo kikuu mjini Pohang Machi 2003, akatumikia jeshi miaka miwili kama kila kijana, na Februari 2014 akapewa udaktari wa fizikia, udaktari usiotibu mtu, nilimwambia hivyo siku ile ile.

Alifanya kazi Ujerumani miaka miwili, akarudi chuoni kwake Septemba 2016, na kazi yenyewe ilikuwa kukaa kwenye kiti na kuhesabu, bila kugusa chuma chochote. Alinieleza kwamba ndani ya madini mazito chembe za umeme huzunguka kama pia ya kuchezea watoto huku zikikimbia, na ukilaza utando mwembamba wa madini hayo juu ya sumaku, ukapitisha umeme, pia hizo huisukuma sumaku igeuke, kama samaki wangu kambani, upepo unavuma moja kwa moja lakini wao wanajizungusha. Yeye alikadiria sumaku inasukumwa kwa nguvu gani, na upande upi, kulia wakiuita chanya, kushoto hasi.

Alifunga ndoa na Tak Mi-ran tarehe 22 Oktoba 2016, mwanamke mvumilivu kuliko nilivyomtakia, na tarehe 9 Mei 2019 wakajaliwa binti, Ha-on, huyo aliyelala mapajani mwa mama yake.

Mwaka 2022 alikokotoa madini fulani, akapata hasi, na wenzake waliopima maabara wakapata chanya, wakamwambia kwa upole kwamba amehesabu kwa mkono wa kushoto mahali pa kulia, kosa ambalo hata maprofesa hulifanya, naye akakagua kurasa zake zote na kukataa. Februari 2023 akagundulika na uvimbe kwenye ubongo, akalazwa Daegu, akaingizwa mara tisa ndani ya lile pipa la sumaku la kupiga picha za kichwa, yeye aliyejua sumaku kuliko aliyekuwa akibonyeza vitufe, na haikumsaidia kitu.

Tarehe 28 Oktoba mwaka huu, kutoka kitandani, alimwagiza mwanafunzi wake Noh In-jae atume hesabu ya mwisho, kubwa kuliko zote, ya kumaliza ubishi, lakini kompyuta kubwa ina foleni, na yetu ilikuwa ya mia nne na kumi na mbili. Nilimuuliza In-jae nani wa kuhongwa, akasema hapo hakuna mtu, bibi, ni mashine tu. Mi-ran alimlisha uji, mimi nilimsugua miguu, foleni ikaenda ilivyotaka.

Asubuhi ya tarehe 11 Novemba akaniuliza, kwa sauti ya kunong'ona, "Bibi, imetoka?"

"Imetoka. Hasi, kama ulivyosema."

"Hasi ngapi?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, nikasema, "Arobaini na saba."

Akanitazama. "Kama kibanda chetu."

"Ndiyo. Bahati hiyo."

"Asante, bibi," akasema, na hakuuliza tena, akafariki saa tisa alasiri.

Jibu lenyewe lilitoka jana saa mbili asubuhi, In-jae akaniletea hapa ukumbini, tukaweka karatasi kando ya bakuli la supu, nikamwambia asome mara mbili. Ndipo akaniambia, huku akitazama viatu vyake, kwamba namba za namna hii hazifiki hata moja kamili, seuze arobaini na saba, na mwalimu wake alilijua hilo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Daegu, waliofanya walichoweza, kikawa kidogo, wenzake wa chuoni, ambao hawakumcheka, na majirani wa sokoni wanaoanika samaki wangu siku hizi tatu, wawageuze basi kabla ya jioni.

Pumzika, Beom-gyu, kwa amani yako. Ilikuwa chanya, sifuri nukta moja moja.