Orpha Wabiwa Etabo, Aliyesema Moto Uingizwe Ndani ya Basi
(1978–2019)

Kabla hajatuacha, dada yetu Orpha alitupa sharti moja: karatasi hii isimpambe. Kuna jambo la mwaka jana ambalo wengi hapa mnalijua vibaya, na kuna mtu amelibeba mgongoni badala yake. Alitaka lisemwe mbele ya jeneza, watu wote wakisikia. Familia ilibishana siku tatu. Mwisho tumekubali. Msikilize mpaka mwisho.

Orpha alizaliwa Baraka, Fizi, Kivu ya Kusini, tarehe 9 Machi 1978, mtoto wa tatu kati ya saba wa Papa Etabo Wilondja na Mama Nyassa Marthe. Mama anasema alitembea kabla ya kutambaa. Labda ni chumvi ya mama, lakini sisi tuliokua naye tunaiamini. Alikula amesimama. Alisali amesimama, mguu mmoja tayari mlangoni.

Shule ya msingi alisoma Baraka, sekondari akaanza Uvira. Vita ya 1996 ikamkuta mwaka wa nne na daftari mkononi. Diploma hakuipata. Aliyoyajua baada ya hapo aliyapata kambini Nyarugusu kule Tanzania, sokoni, na barabarani. Kibembe, Kiswahili, Kifaransa, Lingala, Kiingereza, Kizulu: kila lugha alijifunza kwa sababu kulikuwa na mtu wa kugombana naye.

Alifika Johannesburg mwaka 2006. Alisuka nywele Joubert Park miaka mitano, halafu mwaka 2011 kampuni moja ndogo ya mabasi karibu na Park Station ikamweka kwenye simu za wateja. Kazi ile ilikuwa yake hasa. Begi likipotea, basi likichelewa, mtu akiachwa mpakani, alikuwa anapiga simu huku anazunguka meza mpaka waya unamfunga kiunoni. Wakubwa zake walimpa karatasi ya maneno ya kuwaambia wateja. Aliitumia kufungia maandazi.

Tarehe 20 Desemba 2008 alifunga ndoa na Ezéchiel Mmunga, fundi cherehani wa Jules Street, Malvern. Kwenye picha zote za harusi uso wake ni ukungu, maana hakutulia hata dakika moja. Pasta alimwambia, "Bibi harusi, kaa basi!" Akajibu, "Pasta, harakisha, chakula kinapoa." Mungu aliwapa watoto wawili, Exaucé na Marcelline.

Sasa lile jambo.

Jumatatu, tarehe 16 Julai 2018, kwaya yetu ilikuwa inarudi kutoka mkutano wa Durban kwa basi la kampuni yake Orpha, watu arobaini na watatu pamoja na watoto. Basi likazima kabla ya kufika Harrismith. Dizeli ya pwani iliganda kwenye tangi kama mawese ya baridi. Nje ilikuwa digrii tisa chini ya sifuri, majani yote meupe. Dereva aliomba lifti kwenye lori kwenda kutafuta msaada. Saa kumi na mbili asubuhi, Orpha ndiyo kwanza anavua koti ofisini, simu yake ikalia. Alikuwa Pacifique, kiongozi wa kwaya.

"Mama Exaucé, huku baridi inatuua. Watoto wamelia mpaka sauti imeisha."

"Fundi anatoka hapa sasa hivi. Masaa matatu na nusu njiani."

"Masaa matatu na nusu? Atakuta barafu yenye nguo za kwaya!"

Orpha alikuwa anazunguka meza. Kusubiri kulimwasha mwili. Akakumbuka majiko ya makaa, akauliza, "Zile mbabula za wamama waliopika mkutanoni ziko wapi?"

"Chini, kwenye mizigo. Na makaa iko."

"Washeni nje. Makaa ikishakuwa nyekundu, moshi umeisha, ingizeni ndani. Fungeni madirisha yote."

"Ndani ya basi? Una hakika? Uko sûr?"

"Kaka Pacifique, kwetu tumelala na mbabula tangu tunazaliwa. Unaogopa nini? Ingiza!"

Ndivyo alivyosema. Kwetu Baraka nyumba ina nafasi chini ya paa, upepo unapita usiku kucha. Basi lina mpira kila mlango, hewa haitoki. Na Orpha hakuwa mgeni Joburg. Kila mwaka baridi ikianza, hapa tunazika watu waliolala na mbabula chumbani. Mwaka 2016 pale Troyeville alikwenda kwenye matanga ya wawili. Alijua. Siku ile alitaka tu afanye kitu, haraka, na kitu kilichokuja mdomoni kwanza kilikuwa kile cha nyumbani.

Baada ya dakika arobaini akapiga tena. Alitegemea kelele.

"Eh, Mama Exaucé," Pacifique akajibu polepole, kama mlevi. "Joto nzuri. Kichwa inauma kidogo. Watu wamelala."

"Wamelala nani?"

"Wote."

"Watoto?"

"Wote, nimesema."

Wenzake wa ofisini wanasema alipiga ukelele mpaka abiria waliokuwa kwenye foleni walikimbilia nje. "Fungua mlango! Toa moto! Vunja kioo, Pacifique! Amka, mjinga wewe, amka!" Pacifique akajikokota, akapata ile nyundo ndogo nyekundu, akavunja vioo viwili, akatupa mbabula nje kwa mikono yake. Makovu anayo mpaka leo. Halafu akaanza kuvuta watu, mmoja mmoja, mpaka kwenye majani yenye barafu. Orpha alibaki kwenye simu mbili, moja na yeye, moja na watu wa ambulansi, anapiga kelele kwenye zote. Wote waliamka isipokuwa Arlène, miaka mitano, mtoto wa Mama Brigitte. Alikaa hospitali siku nne, na siku mbili za mwanzo hakufungua macho. Tunamshukuru Mungu, leo yuko hapa na viatu vyake vyekundu.

Kampuni ilipouliza nani aliyewaambia wawashe moto, Orpha alisema, "Si mimi." Maneno mawili tu. Kibali chake cha kuishi nchini kilikuwa kinashikiliwa na kazi ile, na watoto walikuwa na shule. Ripoti ikaandikwa kwamba abiria walijiamulia wenyewe. Orpha akapewa cheti cha mfanyakazi bora. Kanisani tukampigia makofi. Mama Brigitte akamletea kitenge kwa shukrani. Pacifique akaondolewa uongozi wa kwaya, na wengine wenu, tuseme ukweli, mkampa jina: Papa Mbabula.

Pacifique alimfuata ofisini mara moja tu. Orpha alianza kulia. Pacifique akamwambia, "Wewe una watoto. Mimi niko mwenyewe. Wacha waseme." Akaondoka. Mwaka mzima hakumwambia mtu.

Tangu siku ile dada hakulala vizuri. Alikuwa anaamka kufungua madirisha, na Ezéchiel anayafunga, na yeye anayafungua. Kile kitenge hakukishona. Mume wake, fundi mzima, alimwomba vipimo mara tatu, Orpha akamfukuza na futi yake.

Mwezi wa pili mwaka huu tumbo lilianza kumuuma. Mwezi wa nne madaktari wakasema ni kansa ya ini, na imeshasambaa. Jumapili mbili alivaa nguo aende kanisani kusema mwenyewe, na mara zote mbili miguu ilikataa mlangoni. Mwezi wa saba alituita kitandani, akatueleza yote kama tulivyoyasoma hapa. "Semeni mimi ndiye niliyesema moto uingizwe," akatuambia. "Na semeni nilikana. Mkiniita shujaa pale kaburini, nitaamka niwazabe makofi."

Alifariki Ijumaa, tarehe 23 Agosti 2019, saa nane mchana, nyumbani Malvern, akiwa na miaka arobaini na moja.

Ameacha mume wake Ezéchiel, watoto wake Exaucé na Marcelline, mama yake Nyassa Marthe, ndugu zake watano walio hai, na wapwa ambao aliwagombeza wote kwa usawa.

Mama Brigitte, kitenge chako kiko nyumbani, kwenye nailoni yake. Uje ukichukue, au usije. Ukikasirika, hatutakuambia nyamaza.

Kaka Pacifique, tunakuona umesimama kule nyuma, karibu na magari. Mstari wa wabeba jeneza una nafasi moja upande wa kulia, mbele. Hatukumwambia mtu yeyote aijaze. Njoo ushike, na uanzishe wimbo, wewe, si mwingine.

Naye dada yetu, ambaye hakujua kukaa, Mungu amkalishe kwa upole, apumzike.